Sumukuvu kwenye chakula cha kuku wa nyama: maswali ya wafugaji na majibu yake

Maswali haya ni ya wafugaji wa broila wa kawaida, wenye kuku mia mbili hadi elfu mbili tatu, wanaonunua chakula cha mfuko dukani au wanaopeleka mahindi mashineni na kuchanganya wenyewe. Mifano mingi ni ya Tanzania na Kenya, ambako mahindi huvuka mpaka kila siku na sumu yake huvuka nayo. Mwenye haraka aanze na swali la mahindi ya bei ya chee na lile la kifungasumu, yaani kitu kinachotiwa kwenye chakula ili kunasa sumu, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotelea.

Sumukuvu ni ule ukungu ninaouona kwenye mahindi?

Hapana. Ukungu ni kiumbe hai. Sumukuvu ni kemikali ambayo baadhi ya ukungu huitengeneza unapokua. Kwa mfugaji tofauti hii ni kubwa, kwa sababu ukungu unaweza kufa kwa jua, kwa dawa au kwa joto la mashine, na sumu ikabaki pale pale ndani ya punje. Mahindi yaliyopetwa vizuri na kutiwa gunia jipya yanaweza kuwa na sumu kuliko yale yenye doa la kijani.

Inayotusumbua zaidi ni aflatoksini, inayotokana na Aspergillus flavus na Aspergillus parasiticus. Nayo iligunduliwa kupitia ndege wa kufugwa: mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana, hadi ikabainika kwamba chanzo ni mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Mtu akikwambia sumukuvu ni habari ya ugali tu na kuku haiwahusu, mkumbushe hao bata mzinga.

Sumu inaingia shambani au ghalani?

Kote kuwili. Shambani huanza pale mahindi yanapopata ukame wakati wa kutoa mbelewele na ndevu, halafu wadudu wakatoboa gunzi. Ghalani huendelea pale yanapoingizwa yakiwa mabichi, au dumuzi wanapoyageuza unga na kuacha kila punje wazi kwa ukungu. Aspergillus hupenda joto la nyuzi 25 hadi 35, kwa hiyo maeneo ya joto yenye ukame wa mara kwa mara, kama Dodoma na Manyara kwa upande wa Tanzania, na Makueni na Kitui kwa upande wa Kenya, yana historia mbaya. Mwaka 2004 mashariki ya Kenya waliugua watu 317 na wakafa 125 kwa kula mahindi yenye aflatoksini. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara.

Nyanda za baridi nazo zina yake. Mahindi ya Mbeya, Njombe au Trans Nzoia huwa na fumonisini zaidi, inayotokana na ukungu wa Fusarium. Kwa vile mashine moja ya chakula hupokea mahindi ya kila pembe, mfuko mmoja unaweza kuwa na sumu mbili au tatu kwa pamoja, na zikikutana madhara huzidi.

Ipi ni hatari zaidi kwa broila?

Aflatoksini, bila mashindano. Hushambulia ini na kuvunja kinga ya mwili. Inayofuata ni okratoksini, inayoharibu figo: kuku hunywa maji mno na matandazo hulowa. Sumu iitwayo T-2 huacha vidonda vyeupe au vya njano pembeni mwa mdomo, kwenye ulimi na kaakaa. Ukiona vifaranga wanasogelea chakula kisha wanakiacha, fungua midomo uangalie kabla hujalaumu ladha. Fumonisini kuku huivumilia kwa kiasi kikubwa. Ili kuona uzito wa kila moja, chukua viwango vya Umoja wa Ulaya kwa chakula cha kuku: fumonisini ni hadi miligramu 20 kwa kilo, okratoksini 0.1, na aflatoksini B1, ile kali kuliko aina nyingine za aflatoksini, ni 0.02 tu kwa kuku waliokua.

Nitajuaje kuku wangu wamekula sumukuvu? Hawajafa wengi, ila hawakui.

Hiyo “hawajafa wengi, ila hawakui” ndiyo sura yake ya kawaida. Vifo vya ghafla vya kundi zima hutokea pale tu kiwango kinapokuwa kikubwa mno. Mara nyingi utaona kundi halilingani: wiki ya tatu wengine wana kilo moja na wengine wako nusu yake, ilhali vifaranga walitoka boksi moja. Miguu na vilemba hupauka. Kinyesi huwa laini na ndani yake unaona chenga za mahindi ambazo hazijasagika. Siku ya kuchinja unakuta michubuko mingi mapajani na kwenye mabawa hata kama waliobeba walikuwa waangalifu, kwa sababu ini lililochoka halitengenezi vya kutosha vitu vya kugandisha damu. Hesabu ya chakula nayo inakataa: broila mwenye afya hutumia takriban kilo 1.6 hadi 1.8 za chakula kwa kila kilo ya uzito, wako wanakwenda mbili na zaidi.

Dalili hizi pekee hazitoshi, kwa hiyo pasua. Chagua kuku watatu wanne waliodumaa, wachinje leo leo. Aliyekufa usiku ameshaanza kuoza na ini lake litakudanganya. Ini zuri lina rangi ya kahawia iliyokoza na ncha zake ni nyembamba kama ukingo wa jani. Ini lililopigwa na aflatoksini limepauka kuelekea njano, limevimba hadi ncha zimekuwa mviringo, na ukilibonyeza kwa kidole gumba linamomonyoka. Wakati mwingine lina vidoa vya damu, na mfuko wa nyongo umejaa kupita kiasi. Angalia na figo zilizojificha mgongoni: zikiwa zimevimba na kupauka, fikiria okratoksini, ingawa ugonjwa wa Gumboro na kukosa maji huleta picha hiyo hiyo.

Tahadhari moja ambayo wengi hawaijui: kifaranga wa siku chache ana ini la njano kwa asili, kwa sababu bado anatumia mafuta ya kiini cha yai. Usipasue kifaranga wa siku nne ukapiga kelele ya sumukuvu.

Nilichanja Gumboro na Kideri kwa ratiba, mbona ugonjwa umeingia?

Zipo sababu nyingi za chanjo kugoma: maji yenye klorini, chanjo iliyokaa nje ya barafu, kinga ambayo kifaranga alirithi kwa mama iliyokuwa juu bado. Lakini chakula chenye aflatoksini nacho ni sababu, na hakifikiriwi mara nyingi. Sumu hudhoofisha viungo vinavyotengeneza kinga, ikiwemo kile kifuko cha Bursa kilicho juu ya tundu la kinyesi. Chanjo inafika, mwili hauna nguvu ya kuijibu. Ukiona kundi linachanjwa vizuri na bado linashikwa na kila kinachopita, leo mafua, kesho koksidiosisi, keshokutwa kolibasilosisi, acha kununua dawa ya tano na upime chakula.

Kiwango gani cha aflatoksini ni salama?

Hakuna kiwango chenye faida, kuna kinachovumilika. Kipimo hutolewa kwa ppb, yaani mikrogramu moja katika kilo moja. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ya chakula cha watu ni 10 ppb kwa aflatoksini zote na 5 ppb kwa B1 peke yake. Marekani huweka mwisho wa 20 ppb kwa mahindi ya mifugo wachanga, kuku wakiwemo. Umoja wa Ulaya hukubali B1 hadi 20 ppb kwenye chakula cha kuku waliokua na 5 ppb tu kwa wachanga.

Broila haishi muda mrefu kuitwa mkubwa. Kwa hiyo ushauri wangu ni rahisi: chakula cha kuanzia kichanganywe na mahindi ambayo wewe mwenyewe ungesonga ugali. Cha kumalizia kisivuke 20 ppb.

Piga hesabu kidogo. Chukua mchanganyiko wenye mahindi asilimia 60. Mahindi yakiwa na 40 ppb, yatachangia 24 ppb kwenye chakula kizima hata kama soya, dagaa na mashudu ni safi kabisa. Umeshavuka kabla hujatia pumba.

Nauziwa mahindi “ya kuku” kwa bei ya chee. Ninunue?

Usinunue. Na hapa niseme wazi, kwa sababu ndicho chanzo cha nusu ya maswali ya ukurasa huu: sokoni kwetu yapo mahindi ya watu na yapo mahindi ya kuku, na hayo ya pili maana yake ni yale yaliyolowa, yaliyooza, yaliyobaguliwa, au yaliyokataliwa na kiwanda cha unga. Mwenye mzigo hataki hasara, mwenye mashine ya chakula cha mifugo anataka bei, na anayebaki na matokeo ni mfugaji aliyeko mwisho wa mnyororo.

Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa sharti la cheti kinachoonyesha aflatoksini haizidi 10 ppb. Wakati ule mjadala wote ulikuwa wa unga wa ugali. Chakula cha mifugo hakikuzungumzwa, ilhali mzigo unaokataliwa kwa watu hutafuta soko la jirani, na soko la jirani ni huko huko kwetu.

Kifaranga wa broila ana siku 35 hadi 42 za kuishi na katika hizo anatakiwa aongezeke uzito zaidi ya mara 40. Hakuna mnyama bandani mwako anayefanyishwa kazi nzito kuliko hiyo, wala mwenye nafasi ndogo ya kufidia siku mbaya. Kumpa mahindi yaliyoshindikana kwa watu ni kumtwika ini lake kazi ya ziada tangu siku ya kwanza. Kuku 100 hula takriban kilo 350 hadi kumaliza, kati yake mahindi ni kama kilo 200. Weka kwenye karatasi nafuu uliyopewa kwa kilo 200 hizo, kisha weka bei ya kuku watano waliodumaa na kuuzwa kwa hasara. Fanya hesabu hiyo kwa bei za sokoni kwako mwenyewe, halafu urudi kwa yule muuzaji.

Kama umeshayanunua na hayarudishiki, yachambue. Pepeta vumbi na chenga zote, kisha ondoa kwa mkono punje zilizopasuka, nyepesi, zenye madoa au zilizotobolewa. Kazi hii inachosha, lakini sumu haikai sawa kwenye punje zote. Hujilimbikiza kwenye chache, na hizo chache mara nyingi ndizo zenye kasoro.

Pumba za mahindi na mashudu yana sumu pia?

Pumba ndizo za kuangalia zaidi. Mahindi yanapokobolewa, ganda la nje na kiini huenda kwenye pumba, na huko ndiko aflatoksini nyingi ilipo. Yaani unga mweupe wa mezani husafika kwa kiasi fulani, uchafu wake unahamia kwenye gunia la mfugaji. Pumba za mpunga hupata ukungu haraka zikikaa, na mafuta yake huchacha.

Mashudu ya karanga ni hatari ya kwanza, ya pamba yanafuata, ya alizeti hutegemea sana mbegu zilihifadhiwaje kabla ya kukamuliwa. Soya huwa na nafuu. Kukamua mafuta hakuondoi sumu. Aflatoksini hubaki kwenye mashudu. Nusa: harufu ya kuvunda, au mashudu yanayoshikamana mabonge, rudisha. Dagaa shida yake kubwa ni bakteria na mchanga, ila wakikaushwa juu ya mchanga wenye unyevu nao huota ukungu.

Sina mashine ya kupima unyevu. Nitajuaje mahindi yamekauka?

Tumia chumvi na chupa. Chukua chupa kavu ya kioo yenye mfuniko, tia chumvi kavu kijiko kimoja na mahindi hadi robo ya chupa, funga, tikisa kwa dakika mbili tatu, acha itulie. Chumvi ikigandamana ukutani, unyevu umezidi asilimia 15, usiyapokee. Ikishuka yote chini, yako chini ya hapo.

Jaribio hili haliwezi kukwambia kama ni 14 au 12, na kiwango cha Afrika Mashariki ni mwisho wa 13.5. Kwa hiyo likifaulu, ongeza jua la siku moja mbili kwenye turubai kama unataka kuyaweka zaidi ya mwezi. Wa pwani, Dar, Tanga na Mombasa, waongeze tahadhari: hewa yenyewe ina unyevu, na mahindi makavu yaliyoachwa wazi huuvuta tena.

Nataka kupeleka maabara. Nichukue sampuli vipi?

Majibu mengi ya ajabu ya maabara chanzo chake ni sampuli mbovu. Tuseme punje moja ya gramu 0.3 imeathirika vibaya na ina 400,000 ppb, kiwango ambacho kimewahi kupimwa kwenye punje moja moja. Ina mikrogramu 120 za sumu, inayotosha kufikisha kilo 6 za chakula kwenye 20 ppb. Ukichota kikombe kimoja juu ya gunia, ama utaikosa punje hiyo ukaambiwa mzigo ni safi, ama utaipata ukaambiwa mzigo wote haufai.

Chukua bambo, lile la wanunuzi wa nafaka, uchome kila gunia juu, katikati na chini, pembeni na kati. Kusanya kwenye ndoo hadi upate kilo 5 hivi. Usichague punje nzuri wala mbaya. Saga zote, changanya sana, tandaza, gawa mafungu manne, chukua mafungu mawili ya mkabala, rudia hadi ibaki kilo moja. Tia kwenye mfuko wa karatasi kama safari ni ndefu, maana plastiki hutoa jasho na ukungu huendelea njiani.

Tanzania unaweza kuulizia kwa Wakala wa Maabara ya Veterinari, shirika la viwango TBS au Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro. Kenya kuna shirika la viwango KEBS na Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete. Kama mko wafugaji kadhaa mnaonunua kwa msambazaji mmoja, changieni kipimo kimoja kwa mzigo.

Kuna taa ya zambarau wanasema inaonyesha sumu. Inafaa?

Kwa kuchagua magunia ya kupima, sawa. Kwa kuamua, haifai. Mng'ao wa kijani-njano unaoonekana hautoki kwenye aflatoksini, unatoka kwenye kemikali nyingine ya ukungu ule ule. Mahindi yenye sumu yanaweza yasing'ae, na yanayong'aa yanaweza kuwa na kidogo tu.

Kifungasumu kinafanya kazi? Kila muuzaji ananiambia cha kwake kinafunga zote.

Anayekwambia kinafunga zote anauza, hashauri.

Vifungasumu vingi ni udongo maalumu, hasa bentonaiti na jamaa zake. Chembe za udongo huo hunasa aflatoksini ndani ya utumbo, na sumu hutoka na kinyesi kabla haijaingia kwenye damu. Kwa aflatoksini kazi yake imethibitishwa vizuri. Umoja wa Ulaya uliidhinisha bentonaiti kwa kusudi hilo mwaka 2013, mwisho gramu 20 kwa kilo ya chakula. Kwa T-2 na jamii yake udongo haufui dafu, na kwa okratoksini na fumonisini hufanya kazi kidogo sana. Kuna bidhaa zenye ganda la hamira au vimeng'enya vinavyovunja sumu za Fusarium. Hizo ni ghali zaidi na kila kimeng'enya kina sumu yake moja. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni hili: kinafunga sumu gani, na karatasi ya kipimo kilichofanyika kwa kuku iko wapi? Jaribio la kwenye chupa peke yake halitoshi.

Kuna mambo mawili huharibu kifungasumu kizuri. Kwanza ni kuchanganya. Kilo moja au mbili kwenye tani haziwezi kusambaa ukizimwaga juu ya rundo na kugeuza kwa koleo mara tatu. Changanya kwanza na kilo 20 za pumba au unga wa mahindi, kisha hizo ndizo uzitawanye. Pili ni dawa: bentonaiti hupunguza nguvu ya antibiotiki ya tailosini, na haitakiwi kutumika pamoja na robenidini, dawa ya kuzuia vimelea vya koksidia. Soma lebo ya premiksi yako, ule mchanganyiko wa vitamini, madini na dawa unaotiwa kwenye chakula, kabla hujaongeza.

Mimi hukiona kifungasumu kama mkanda wa gari. Ufunge, ila usiendeshe vibaya kwa sababu umeufunga.

Udongo wa kichuguu, mkaa wa jikoni, majivu?

Usitie. Mkaa wa maabara umetengenezwa uwe na vitundu vingi visivyoonekana. Wa jikoni hauna hivyo, na hata ule wa maabara hunasa vitamini pamoja na sumu. Udongo usiojulikana unaweza kuleta sumu mpya. Mwaka 1997 nchini Marekani udongo uliochimbwa Mississippi ulitiwa kwenye mashudu ya soya ili yasigande, kumbe ulikuwa na dioksini, nayo ikaingia kwenye kuku na samaki wa kufugwa.

Nikikaanga mahindi, au nikinunua chakula cha peleti, sumu inakufa?

Haifi. Aflatoksini huanza kuvunjika kwenye joto la zaidi ya nyuzi 200, na mashine ya peleti haifiki hata 100. Peleti ina faida zake, hii si mojawapo.

Nikichanganya mahindi mabaya kidogo na mazuri mengi?

Kihesabu ppb inashuka. Kiuhalisia huwezi kuchanganya punje zikasambaa sawa, na unahamisha ukungu hai kwenda kwenye mahindi mazuri. Ulaya wameipiga marufuku njia hii. Naelewa kwa nini watu huifanya, siwezi kuishauri.

Na dawa ya kuzuia ukungu?

Hizi ni tofauti na vifungasumu, na maduka mengine huzichanganya makusudi. Nyingi ni asidi ya propioniki au chumvi zake. Huzuia ukungu usiote kwenye chakula kilicho safi kwa sasa. Sumu iliyokwisha kutengenezwa haziigusi. Zinafaa msimu wa mvua na kwa chakula kitakachokaa zaidi ya wiki mbili. Kama unasaga kila wiki na ghala lako ni kavu, okoa fedha yako.

Chakula kilitoka kiwandani kikiwa kizuri. Kinaweza kuharibikia kwangu?

Tena kwa haraka. Mahindi yaliyosagwa hayana ganda la kuyalinda. Weka mifuko juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita, na usiweke chini ya bati linalovuja jasho alfajiri. Kilichoingia kwanza kitoke kwanza. Nunua cha wiki mbili, tatu zikizidi.

Halafu nenda bandani uangalie mahali ambapo hapaangaliwi: ukingo wa ndani wa sahani ya kilishio. Kuku hula katikati, na vumbi la unga lililolowa kwa matone ya kinywesheo hugandamana pembeni. Bandua ganda hilo kwa kisu. Mara nyingi chini yake ni kijani au jeusi. Kundi linakula juu ya ukungu kila siku, ilhali stoo ni safi kabisa. Sahani zimalizwe chakula mara moja kwa siku, zipigwe brashi kavu, na kinywesheo kisogezwe mbali. Kwenye mashine ya kuchanganyia ni vivyo hivyo: parafujo na kona za pipa huficha unga wa miezi.

Matandazo nayo, maranda au pumba za mpunga, yakiwa na ukungu huleta ugonjwa mwingine wa mapafu kwa vifaranga, unaotokana na kuvuta vumbi la ukungu wenyewe. Ukipasua utaona vijipele vyeupe au vya njano kwenye mapafu. Kubadilisha chakula hakutausaidia.

Wameshakula. Nifanye nini leo?

Toa chakula chote hicho leo, hata kilichobaki kwenye sahani, na uwape kingine kutoka mzigo tofauti. Hiyo ndiyo tiba. Mengine ni msaada. Weka kando kilo moja ya kile kibaya kwa ajili ya kipimo. Wape vitamini zenye E, K na kundi la B pamoja na seleniamu kwenye maji kwa siku tano hivi, na kwa wiki mbili wape chakula chenye protini na methionini juu kidogo ya kawaida, kwa sababu ini hutumia hivyo kupambana na sumu. Usikimbilie antibiotiki bila daktari wa mifugo kuona ugonjwa mwingine. Dawa za salfa ziogope zaidi: zinabebesha figo mzigo na huongeza uvujaji wa damu kwa kuku ambaye tayari hagandishi.

Waliopata sumu wiki mbili za mwanzo mara nyingi hawafikii wenzao. Kama uko siku ya 28 na wamepishana sana, watenganishe, uza wakubwa kwa wakati wake, na upige hesabu kama wadogo wanalipa chakula watakachokula.

Nyama yao inalika?

Kwenye nyama yenyewe masalia huwa kidogo. Ini ndilo hubeba zaidi. Kuku wakirudishiwa chakula safi masalia hushuka ndani ya siku chache, kwa hiyo wape angalau siku 7 za chakula safi kabla ya kuchinja. Maini yaliyopauka na kumomonyoka yatupwe, yasiingie kwenye fungu la maini na firigisi. Mteja wako hawezi kujua, wewe unajua.

Nilinunua chakula kibovu dukani. Nadai vipi?

Bila ushahidi hudai kitu. Kila mzigo unaponunua, tunza risiti, kata lebo yenye namba ya toleo na tarehe, na uweke nusu kilo ya kila mzigo kwenye karatasi kavu hadi kundi liuzwe. Likitokea jambo, piga picha za mfuko, za kuku na za maini, mwite ofisa mifugo wa kata aandike, na sampuli ichukuliwe kwenye mfuko ambao haujafunguliwa mbele ya muuzaji. Tanzania ina sheria ya vyakula vya mifugo ya mwaka 2010, na wakaguzi wake wapo halmashauri. Mfuko usio na lebo kabisa, ule wa kushonwa kwa mkono, hauna mlango wa kugonga.

Nalima mahindi yangu mwenyewe ya kulisha kuku. Nianzie wapi?

Vuna kwa wakati, usiache yakaukie shambani hadi mvua nyingine iyakute. Anika kwenye turubai au chanja, kamwe si kwenye udongo. Pukuchua bila kuponda punje; kupiga gunia kwa fimbo hupasua nyingi. Hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, kama ya PICS, yakiwa makavu kweli: dumuzi hufa kwa kukosa hewa, bila dawa ambayo baadaye ungemlisha kuku.

Ipo pia Aflasafe, iliyosajiliwa Kenya mwaka 2015 na Tanzania mwaka 2018. Ni mtama uliopakwa Aspergillus flavus wa asili wasiotengeneza sumu, unaomwagwa shambani kilo 4 kwa ekari, wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kutoa mbelewele, udongo ukiwa na unyevu. Hao wasio na sumu huwahi nafasi na kuwanyima wenye sumu. Kwa anayelima na kufuga pamoja, hii ndiyo fedha inayotumika mahali panapostahili.

Chakula kilichoharibika nimpe nguruwe, ng'ombe, au mbwa?

Nguruwe huumia kama kuku. Mbwa ni mwepesi zaidi kufa kwa aflatoksini kuliko wengi wanavyodhani. Bata usimpe kabisa. Kifaranga wa bata hushindwa na kiwango ambacho kifaranga wa kuku angekivumilia. Ng'ombe wa maziwa ataonekana mzima, lakini sehemu ya sumu hugeuka kuwa aflatoksini M1 na kutoka kwenye maziwa wanayokunywa watoto wako. Fukia kwenye shimo refu mbali na kisima, ukivaa barakoa ili usivute vumbi lake, na mifuko iliyokuwa imekibeba ichomwe, isirudi mashineni.